MAKALA: Uvimbe Usiouma Mkononi au Mguuni Upimwe Kabla ya Kukatwa

Na Mwandishi Wetu, Same

Mwananchi wa Kata ya Kisiwani, chini ya Milima ya Pare wilayani Same, akiumwa jino au akishikwa na homa hachelewi kufika zahanati, kwa kuwa maumivu humhimiza. Uvimbe usiouma uliojitokeza pajani au begani haumhimizi. Huendelea kushika jembe, msimu wa kupanda ukapita na wa kuvuna ukafuata, huku uvimbe ukiongezeka taratibu. Kwa sababu hiyo, wagonjwa wengi wa saratani za tishu laini hufika hospitalini wakiwa wamechelewa.

Tishu laini ni sehemu za mwili zinazoizunguka na kuishikilia mifupa: misuli, mafuta, kano, mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Saratani inayoanzia katika sehemu hizo huitwa sarkoma. Zipo aina zaidi ya 50, na ingawa zinaweza kutokea popote mwilini, mikono na miguu ndiyo huathirika zaidi, hususan paja. Huwapata watu wa rika zote, wakiwemo watoto.

Ni vyema ieleweke kwamba saratani hizi ni nadra. Kwa watu wazima ni takribani asilimia 1 tu ya saratani zote. Uvimbe mwingi unaoonekana chini ya ngozi ni wa mafuta ya kawaida, hauna madhara na hausambai. Kwa hiyo lengo la makala hii si kuwatia wananchi hofu, bali kuwaelimisha namna ya kuutambua uvimbe unaostahili kupimwa.

Uvimbe wa mkononi au mguuni unapaswa kuonwa na daktari endapo una mojawapo ya dalili hizi: unazidi kukua, umefikia sentimita 5 au zaidi, yaani kiasi cha ndimu kubwa, uko ndani, chini ya misuli, na hausogei unapoguswa, umeanza kuuma, au umerudi baada ya kukatwa. Kutouma si ushahidi wa usalama. Sarkoma nyingi haziumi mwanzoni, kwa kuwa tishu laini hutanuka na kuupisha uvimbe hadi unapoanza kubana mishipa ya fahamu.

Jambo la pili ambalo wananchi wengi hawalifahamu ni hatari ya kuukata uvimbe kabla haujajulikana ni wa aina gani. Sarkoma inapotolewa kama jipu au uvimbe wa mafuta, chembe za saratani hubaki kwenye kidonda na huweza kusambazwa katika nyama iliyokuwa salama. Uvimbe hurudi, na upasuaji unaofuata hulazimika kuwa mkubwa zaidi. Pengine mguu ambao ungeweza kuokolewa hauokoleki tena. Kuuchanja, kuuchua kwa nguvu au kuuchoma kwa dawa hakuondoi saratani. Hupoteza muda na huweza kuleta vidonda.

Utaratibu sahihi huanza na kumsikiliza mgonjwa na kumkagua, kisha kipimo cha picha. Picha ya mawimbi sauti, yaani ultrasaundi, inaweza kuonyesha kina na ukubwa wa uvimbe, na picha ya MRI huonyesha uhusiano wake na mishipa na mifupa. Baada ya hapo daktari huchukua kinyama kidogo kwa sindano maalumu na kukipeleka maabara ya patholojia, kwa kuwa jibu la uhakika hupatikana kwa darubini. Mapafu nayo hupigwa picha, kwa sababu sarkoma ikisambaa mara nyingi huanzia huko.

Wengine hukwepa hospitali wakihofia kwamba wakifika tu watakatwa mguu. Hofu hiyo ina asili yake, kwani zamani kukata kiungo kulikuwa tiba ya kawaida ya sarkoma. Hata hivyo, mwaka 1982 madaktari wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichapisha matokeo ya utafiti wa wagonjwa 43: waliotolewa uvimbe pekee na kisha kupewa tiba ya mionzi hawakutofautiana katika uhai na waliokatwa kiungo. Tangu hapo, kuhifadhi kiungo kumekuwa lengo la kwanza la tiba pale inapowezekana. Uvimbe ukiwa mdogo, uwezekano huo ni mkubwa. Anayechelewa kwa kuogopa kukatwa ndiye anayejisogeza karibu na kukatwa.

Hapa nchini ipo pia sarkoma ya Kaposi, ambayo mara nyingi huonekana miguuni kama mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau, kahawia au nyeusi. Wakati mwingine mguu huvimba hadi jamii ikadhani ni matende. Ugonjwa huu ulifahamika Afrika Mashariki kabla ya UKIMWI, lakini uliongezeka sana kutokana na maambukizi ya VVU. Tiba yake kwa kawaida si kukata mguu. Mgonjwa mwenye VVU hupewa dawa za kufubaza virusi, ambazo hutolewa bila malipo, na akihitaji huongezewa tiba ya dawa za saratani. Kwa hiyo mwenye dalili hizi anashauriwa kupima VVU mapema.

Kwa mkazi wa Kisiwani, safari ya matibabu huanzia katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu naye. Akionekana kuhitaji uchunguzi zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Wilaya ya Same, na kutoka hapo hadi Moshi, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mawenzi au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya KCMC, ambayo ina huduma za saratani. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopo Dar es Salaam, hutoa tiba ya mionzi na dawa kwa wagonjwa kutoka mikoa yote. Mgonjwa atunze barua ya rufaa, picha na majibu ya kinyama, na aende navyo kila kituo, ili asirudie vipimo na kupoteza wiki ambazo uvimbe unazitumia kukua.

Wananchi wanahimizwa kukagua mikono na miguu yao wenyewe na ya watoto wao wakati wa kuoga. Ukiuona uvimbe mpya, upime ukubwa wake na uandike tarehe. Ukiwa unakua, usisubiri uume: nenda kituo cha afya, na kabla hujakubali ukatwe, uliza kama umekwisha kupimwa.