Ushairi na Kuyaachilia Yaliyopita: Kutoka Pate hadi Ikola (Sehemu ya Pili)

Katika ushairi wa Kiswahili, mtu aliyelemewa na yaliyopita haambiwi asahau. Huambiwa aseme, tena awe na wa kumwambia: moyo wake mwenyewe, au marehemu, au mtoto anayemwacha duniani. Huzuni isiyo na msikilizaji huzunguka kifuani bila kutoka. Ikipata wa kuambiwa, huanza kushika mpangilio, na mpangilio huo ndio mwanzo wa kupata maana.

Mfano mkubwa kuliko yote ni Al-Inkishafi, utenzi uliotungwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir takriban miaka 200 iliyopita katika kisiwa cha Pate, upande wa Lamu. Pate ilikuwa imekwisha kupoteza utajiri na nguvu zake. Mtunzi anauita moyo wake na kuuhoji kwa nini unaendelea kuushikilia ulimwengu usioshikika. Hauachi ujibu kwa maneno ya jumla. Anauingiza ndani ya nyumba.

Nyumba za matajiri wa Pate zilikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa katika lipu ya ukuta ili kupanga sahani za kaure na vyombo vya thamani. Utenzi unarudi kwenye vishubaka hivyohivyo na kukuta makinda ya ndege yamelala mahali pa sahani. Bundi wanalia ndani, na kumbi zilizokuwa na taa na wageni sasa ni za wadudu. Mtunzi hasemi tu kwamba fahari imepita. Anaonyesha nani amehamia, na katika shimo lipi la ukuta. Kisha anawauliza waliokuwa wenyeji, akiwataja kwa majina, wako wapi. Wengine ni wa ukoo wake. Kwa hiyo si mpita njia anayeshangaa magofu. Ni mtoto wa nyumba anayefanya hesabu ya nyumba yake.

Umbo la utenzi linaisaidia kazi hiyo. Kila ubeti una mishororo minne: mitatu ya kwanza ina kina kimoja kinachobadilika ubeti hadi ubeti, na wa nne hurudia kina kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Msikilizaji anaweza kupelekwa kokote, kwenye vitanda vya fahari au kaburini, lakini kila baada ya mishororo mitatu hurudishwa palepale. Kanuni hii inaweza kuonekana kama ufundi tu. Thamani yake ni kubwa zaidi: mwenye kuomboleza anapewa mahali pa kusimama kila anapoelekea kuzama. Hesabu ikiisha, utenzi unaiacha Pate na kugeukia akhera, kwani kwa Sayyid Abdalla maana ya maisha iko huko.

Mwana Kupona binti Mshamu alifuata njia hiyohiyo kwa upande mwingine. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Hapo anayeachilia ni yule anayeondoka. Shaaban Robert naye, alipofiwa na mkewe, alitunga shairi la Amina, ambalo limo katika Maisha Yangu. Anamsemesha marehemu kana kwamba anasikia, na kumkumbusha kuwa alimwombea apate nafuu. Kinachoachiliwa katika shairi hilo ni tumaini la kupona, si pendo. Tofauti hiyo ni muhimu sana, kwa kuwa wafiwa wengi huogopa kwamba kutulia ni kumsaliti aliyekufa.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alileta swali gumu zaidi. Katika Kichomi (1974) aliacha vina na mizani, akaandika kwa lugha ya kila siku, na kwake akhera haiwi jibu lililokwisha kuandaliwa. Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, walimpinga vikali. Hata hivyo alionyesha kwamba mtu anaweza kuitafuta maana katika shairi bila kuwa ameipata kabla ya kuanza kuandika.

Ikola, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika mkoani Katavi, ni mahali pa kuipima mbinu hii ya kuipa huzuni msikilizaji, kwa kuwa yaliyopita huku ni mazito. Karema, kusini mwake, Wabelgiji walijenga kituo chao mwaka 1879, kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Ndiko alikofika Adrian Atiman mwaka 1889, mtu aliyetekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akawa tabibu wa watu wa ziwa hadi kufa kwake mwaka 1956. Katika wilaya ya Tanganyika, zilimo Ikola na Karema, iko pia Mishamo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Wengi wao baadaye walipewa uraia wa Tanzania, na swali la nyumbani ni wapi likabaki mikononi mwa kila familia.

Shairi la mwambao huu haliwezi kuazima zidaka za Pate. Litahitaji vitu vyake: karabai zinazowaka majini usiku wa giza, dagaa walioanikwa mchangani, wavu wa migebuka ambao mwenyewe hakurudi. Aliyechukuliwa na ziwa mwili wake usipatikane hana kaburi la kuzuriwa, na matanga yake huanuliwa bila mazishi. Hapo wa kusemeshwa anaweza kuwa ziwa lenyewe. Familia iliyotoka ng'ambo inaweza kuutaja mji ulioachwa, mlango kwa mlango, kama Sayyid Abdalla alivyoitaja Pate, ili watoto waliozaliwa Mishamo waurithi kama habari na wasiubebe kama deni.

Sehemu ya tatu itahusu mashairi yaliyotungwa kifungoni, kuanzia Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla.