Degedege si ndege



Ndugu Waislamu, msimu mmoja wa mvua tulikuwa Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Katika nyumba tuliyofikia mtoto alishikwa na homa, na usiku akakakamaa, macho yakageuka. Bibi yake akasema: "Hilo ni dege. Msimpeleke kudungwa sindano, litaruka na roho yake." Akataka mjukuu afukizwe. Baba akajibu kwa adabu: "Mama, twende hospitali, dua tutaisoma njiani." Bibi akanyamaza, kisha akambeba mtoto yeye mwenyewe. Vipimo vikaonyesha malaria kali. Akachomwa sindano, na kwa idhini ya Allah akapona.

Hatumlaumu bibi yule, kwani mapenzi yake kwa mjukuu hayakuwa na shaka. Kilichomzuia ni neno. Mtoto wa degedege hutikisika mikono mithili ya mbawa, na jina lenyewe limebeba dege, yaani ndege mkubwa. Ni mfano tu, lakini mfano ukidumu sana ulimini hugeuka itikadi. Ugonjwa ukishakuwa ndege, tiba yake huwa ni kuufukuza kwa moshi, na sindano huogopwa. Watafiti waliikuta imani hii hata pwani, huko Bagamoyo.

Wala si sisi peke yetu. Neno malaria asili yake ni Kiitaliano, maana yake hewa mbaya. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliogopa harufu ya vinamasi, na mbu wakamwacha. Ni mwaka 1897 ndipo Ronald Ross, akiwa India, alipovikuta vimelea vya malaria ndani ya mbu.

Waarabu wa zama za Jahiliya nao walitazama ndege anavyoruka, wakaamua kusafiri au kubaki. Mkosi huo waliuita tiyara, neno lenye asili moja na tayr, yaani ndege. Mtume (S.A.W.) aliukataza, na akatuamuru tutafute tiba. Hata hivyo hakukataza mifano. Yeye mwenyewe aliwafananisha waumini na mwili mmoja, ambao kiungo kimoja kikiugua, mwili mzima hukesha kwa homa. Jirani aliyetutolea pikipiki yake usiku ule alikuwa ameuelewa mfano huo.

Hivyo basi, wazazi wenzetu, tuchunge majina tunayoyapa maradhi, kwa kuwa jina ndilo linaloonyesha njia ya kwenda kutafuta tiba. Mtoto akikakamaa, alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, na apelekwe hospitali bila kuchelewa. Dua ina nafasi yake, nayo husomeka vizuri hata njiani.