Lishe na Kumbukumbu ya Mtoto Darasani

Mwalimu mwanafunzi atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha Chamwino huenda akakuta watoto waliotembea mwendo mrefu bila kutia kitu tumboni. Mtoto wa namna hiyo akisinzia, au akisahau leo alilojifunza jana, tusiharakishe kumwita mzito wa akili. Ubongo wa mtu mzima, ingawa ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili uliopumzika. Ubongo wa mtoto hudai zaidi.

Lakini kushiba peke yake hakutoshi. Ubongo wahitaji pia madini ya chuma, ambayo huiwezesha damu kubeba oksijeni na kusaidia chembe za ubongo kupelekeana habari. Uwele na mtama, nafaka za Ugogo tangu zamani, zina chuma. Ila zina pia asidi ya fitiki, ambayo huzuia sehemu kubwa ya chuma hicho kufyonzwa. Tiba i karibu. Ubuyu una vitamini C, ambayo hurahisisha ufyonzaji. Na kuchachusha unga kabla ya kupika uji hupunguza asidi hiyo. Chai, kinyume chake, huzuia chuma. Hivyo isinywewe pamoja na mlo.

Je, vidonge vya chuma? Kisiwa cha Pemba chatupa fundisho. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa dawa ya chuma iliwasaidia watoto wadogo katika maendeleo ya lugha. Lakini uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2006, ulionyesha kuwa penye malaria nyingi, kuwapa chuma na asidi ya foliki watoto wote bila kuwapima kuliongeza maradhi makali na vifo. Waliopungukiwa chuma ndio walionufaika.

Kwa hiyo mwalimu hana budi:

1. Kuchunguza nani huja na njaa, bila kumwaibisha mbele ya wenzake.
2. Kuweka masomo magumu, kama Hisabati, kabla njaa haijazidi.
3. Kuwashauri wazazi, kwa njia ya kamati ya shule, kuchangia uji na ubuyu.
4. Kumpeleka zahanati mtoto mwenye dalili za upungufu wa damu. Kamwe asigawe vidonge mwenyewe.

Kumbukumbu hujengwa kwa mazoezi. Lakini mazoezi hayashiki katika mwili uliopungukiwa.