Nyumba ya Marehemu: Utangulizi wa Somo la Mirathi na Upotevu wa Nyumba, Makobola

Ukitoka Uvira nchini Kongo ukashika barabara ya kwenda Baraka, Ziwa Tanganyika likiwa mkono wako wa kushoto na milima mkono wa kuume, baada ya kilomita kama kumi na tano unafika Makobola. Nyumba zimebanana kati ya maji na mlima, nyingine za matofali ya kuchoma na mabati, nyingine za udongo na nyasi, na michikichi imesimama katikati yake. Uliza nyumba hii ni ya nani. Mara nyingi utatajiwa jina la mtu aliyekwisha kufa: ni ya marehemu fulani, alikufa zamani, watoto wapo. Wanaolala humo usiku huu ni watu wengine kabisa, lakini nyumba bado ni yake. Somo letu linaanzia kwenye jibu hilo.

Nimeandika kwa ajili ya mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza, kwa karani wa ofisi ya sekta, kwa mchungaji au shehe anayeitwa kuamua ugomvi baada ya matanga, na kwa mama aliyeambiwa ahame na shemeji zake, anayetaka kujua kama wana haki hiyo. Hahitajiki mtu mwenye Kifaransa kingi. Anahitajika mtu mwenye subira ya kusikiliza familia nzima, maana kila upande una hadithi yake na mara nyingi kila hadithi ina ukweli ndani.

Katika vitabu vya sheria, kupoteza nyumba kwa sababu ya deni na kugawa mali ya marehemu ni sura mbili zilizo mbali. Mimi nimeziweka pamoja kwa makusudi. Kwenye pwani hii nyumba hazipotei kwa mnada wa benki. Zinapotea kwa mirathi ambayo haikufungwa, na deni huingia kwa mlango huohuo.

Nianze na deni, kwa kuwa halihitaji maneno mengi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tarehe 12 Septemba 2012. Tangu hapo, anayetaka kuuza nyumba ya mdaiwa wake anafuata sheria ya pamoja ya mwaka 1998, iliyorekebishwa mwaka 2023: amri rasmi ya kulipa, muda wa kulipa, masharti ya mauzo yaliyoandikwa na kutangazwa, kisha mnada mbele ya mahakama au notari. Mapatano yoyote ya kuruka hatua hizo ni batili. Ni kinga nzuri kwa mdaiwa. Lakini rehani ya nyumba kwa mujibu wa sheria hiyo hukaa juu ya haki iliyoandikishwa, yaani juu ya sertifika inayotolewa na mtunza hati za ardhi, ambaye watu humwita konservateri. Makobola, mwenye sertifika ni wa kutafutwa kwa tochi. Kwa hiyo benki haiji.

Anayekuja ni mkopeshaji wa mtaani, yule ambaye Kongo nzima inamwita banki lamberi. Riba yake huhesabiwa kwa mwezi, na mwezi huisha haraka. Mwanafunzi aiangalie karatasi anayotaka isainiwe. Neno rehani halimo. Imeandikwa kwamba fulani ameuza parseli yake, yaani kiwanja chake, kwa fulani, na bei imetajwa kuwa imekwisha kulipwa. Mkopo umevishwa nguo ya mauzo, na kinga yote niliyoitaja hapo juu imebaki nje ya mlango. Mkopo wenyewe mara nyingi ulikuwa wa dawa za hospitali, au wa sanduku na chakula cha matanga. Mgonjwa anasaini, mgonjwa anakufa, na siku ya kuondoa matanga mtu anafika na karatasi. Ndiyo sababu nasema sura hizi mbili ni moja.

Sasa tuje kwenye mirathi yenyewe. Sheria ya Familia ni ile namba 87-010 ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa kwa sheria namba 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016. Inawapanga warithi katika makundi. La kwanza ni watoto: waliozaliwa ndani ya ndoa, waliozaliwa nje na kutambuliwa na baba yao akiwa hai, na wa kulea kisheria. Binti na kijana wako sawa, mkubwa na mdogo wako sawa. Kundi la pili lina matawi matatu: mume au mke aliyebaki, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. La tatu ni wajomba, shangazi na baba wadogo wa marehemu mwenyewe, nao hawafikiwi maadamu makundi ya mbele yapo. Watoto huchukua robo tatu. Robo inayobaki, matawi matatu ya kundi la pili yakiwapo yote, kila tawi hupata sehemu moja ya kumi na mbili.

Tufanye hesabu, kwa kuwa kanuni bila hesabu husahaulika kesho yake. Mvuvi amekufa. Ameacha mke, mama yake mzazi, ndugu wawili na watoto watatu. Parseli yenye nyumba, pamoja na mtumbwi na nyavu za ndagala, vyote vilivyopatikana baada ya ndoa, vina thamani ya dola 4800. Wengi hukimbilia kugawa 4800, na hapo ndipo familia huanza kudhulumiana bila hata kujua. Ikiwa wanandoa hawakuchagua mpango mwingine wa mali, sheria inachukulia kwamba walichochuma katika ndoa ni cha wote wawili. Nusu yake, dola 2400, ni ya mke tangu siku mumewe alipokuwa hai. Hairithi, anachukua kilicho chake. Mali ya marehemu ni ile nusu ya pili. Katika hiyo watoto wanapata 1800, kila mmoja 600. Mke anapata 200, mama mzazi 200, na ndugu wawili 200, yaani mia mia. Juu ya hayo, mjane ana haki ya kukaa na kutumia nyumba aliyoishi na mumewe pamoja na vyombo vyake, kwa masharti ambayo tutayasoma baadaye.

Rudi sasa kwenye matanga. Anayeshika funguo za nyumba ni nani? Karibu kila mara ni baba mdogo wa watoto, ndugu wa marehemu. Kwa hesabu yetu, ndani ya dola 4800 yeye ana dola mia moja. Nimewahi kuiandika hesabu hii kwa chaki ubaoni mbele ya wazee. Walinyamaza, kisha mzee mmoja akasema kwamba nyumba si fedha, ni ukoo, na ukoo haugawanywi kwa chaki. Namheshimu mzee huyo, na nataka mwanafunzi ayasikie maneno yake kama yalivyosemwa. Baba mdogo anayeshika funguo wakati mwingine ndiye anayelipa karo ya watoto. Wakati mwingine anauza. Mila ilimpa funguo pamoja na mzigo wa kulea, na shida inaanza pale funguo zinapobaki mkononi na mzigo umewekwa chini.

Watu pia husahau ni nani anayesimamia ugawaji. Tanzania Bara, familia hupendekeza msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo humteua. Kongo, sheria inaanza na mrithi mwenye umri mkubwa kuliko wote. Akikataa, warithi humchagua mwingine, na wakivutana mahakama inaamua: Mahakama ya Amani kwa mali ndogo, mahakama kuu ya eneo, ile wanayoiita TGI, kwa mali kubwa. Soma tena: mrithi mwenye umri mkubwa. Katika mfano wetu huyo ni bibi kizee, mama wa mvuvi. Sijaona matanga ambapo bibi aliambiwa hivyo.

Lipo jambo linalowaumiza wajane kuliko hesabu yoyote, nalo ni ndoa isiyoandikishwa. Mahari ilitoka, koo mbili zilikula pamoja, watoto sita walizaliwa. Sheria inaitambua ndoa ya kifamilia, lakini inataka iandikishwe kwa ofisa wa serikali. Mume akifa kabla ya hapo, mjane anaanza kutafuta mashahidi wa mahari miongoni mwa watu walewale wanaotaka atoke. Hili lingezuilika asubuhi moja ofisini, mume akiwa hai.

Chini ya yote haya iko ardhi. Sheria iitwayo Bakajika ya tarehe 7 Juni 1966, kisha sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, ziliweka udongo wote wa nchi kuwa mali ya Serikali. Mtu hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo huthibitishwa kwa sertifika, ambayo ikitimiza miaka miwili ni vigumu mno kuitikisa mahakamani. Na mashamba ya wanakijiji, yale ya babu na bibi? Kifungu cha 389 cha sheria hiyo ya 1973 kiliahidi kwamba Rais atatoa amri ya kupanga haki zao. Miongo ilipita amri hiyo haijatoka. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 34, inalinda mali iliyopatikana kwa sheria au kwa mila, na maneno hayo mawili ya mwisho ndiyo silaha ya mwanakijiji. Kwa upande wa ardhi tutasoma kazi ya Kalambay Lumpungu, na kwa mirathi ya Mupila Ndjike. Wote wawili waliandika wakiifahamu nchi yao.

Nimefika mahali ambapo kalamu huwa nzito. Tangu tarehe 30 Desemba 1998 hadi siku za kwanza za Januari 1999, askari walioshika eneo hili waliua watu Makobola na vijiji jirani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa Oktoba 2010 inasema waliouawa walizidi 800. Kwa somo letu, maana yake ni kwamba baba, mama na watoto walikufa saa moja, na hakuna awezaye kusema nani alitangulia. Bila kujua nani alitangulia, hujui nani alimrithi nani: mali ya mke ilipita kwa mume ikaenda kwa ukoo wake, au ilirudi kwa wazazi wa mke? Nyumba zilichomwa, na karatasi ziliteketea ndani yake. Karatasi ya mauzo ya kijijini husimama juu ya mashahidi, na mashahidi walikuwa miongoni mwa waliouawa. Walionusurika walivuka ziwa. Wengi walifikia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, na baadhi yao leo wako Marekani. Hao pia ni warithi. Ugawaji uliofanyika bila wao unaweza kupingwa, na anayekaa katika nyumba yao tangu miaka hiyo naye ana watoto waliozaliwa humo. Sitaki mwanafunzi aingie katika kesi ya namna hii kana kwamba anakwenda kupima mipaka tu.

Ziwa nalo limeongeza lake. Tangu 2020 maji ya Tanganyika yalipanda na kuingia katika nyumba za Uvira na za vijiji vya kando. Familia zilizohamia juu zilijenga kwenye shamba la ukoo, na hapo ugomvi uliolala ukaamka.

Nimalizie na kitu kimoja nilichokishika mkononi. Mama mmoja alifungua mfuko wa plastiki uliokuwa ndani ya mfuko mwingine, akatoa ukurasa uliochanwa kwenye daftari la shule, wenye mistari ya buluu, umekunjwa mara nne hadi mikunjo imetoboka. Juu tarehe, katikati maneno matatu manne kuhusu mwembe, kijito na nyumba ya jirani, ambavyo ndivyo mipaka. Chini kulikuwa na saini mbili, dole gumba moja la wino wa zambarau, na muhuri wa chefu uliopauka. Jina la mnunuzi lilikuwa la mumewe peke yake. Nilimuuliza fedha zilitoka wapi. Akasema nusu ilitoka kwa mawese aliyoyakamua na kuyauza yeye mwenyewe sokoni Uvira. Hakuna mahali paliposema hivyo. Jirani aliyeona mawese yakibebwa bado yu hai, naye ndiye ushahidi. Kazi yetu ya kwanza siku ile ilikuwa kuandika maneno yake, na kumwomba chefu aweke muhuri.

Sura zinazofuata zitakupa vifungu vyote. Kabla hujafungua ya kwanza, nenda nyumbani kwenu ukaulize karatasi ya parseli iko kwa nani, ina jina la nani, na mashahidi wake wangapi bado wako hai. Waandike majina leo.