Usikubali Fundi Atupe Thamostati ya Guka

Kama guka wako alikuachia Peugeot 504, unajua raha yake na machungu yake. Ndiyo ile 504 iliyoshinda Safari Rally 1975, na tena 1978. Yetu hapa Runyenjes ilikuwa ikishashuka Thuci na kuanza kupanda kuelekea Chuka, mshale wa joto unaenda kwa nyekundu.

Fundi mmoja aling'oa thamostati akaitupa. "Hii ni ya nchi za baridi, kijana." Mimi niliyeacha chuo nibishane na mtu wa spana? Basi injini ikawa haipati joto lake asubuhi, petroli ikaenda kama maji, na mlimani gari bado likachemka.

Sikiza. Thamostati ni mlango mdogo wenye nta ndani. Injini ikipata joto nta inayeyuka, inatanuka na kusukuma mlango, ndipo maji yaende kwa rejeta. Ile nambari iliyochapwa juu yake, tuseme 82 au 88, ni nyuzi za joto ambazo mlango huanza kufunguka. Si kikomo cha joto! Hapo ndipo wengi wetu hupotea dukani: unanunua ya nambari ya chini ukidhani gari litapoa, kumbe rejeta imejaa kutu. Litachemka tu, labda kwa kuchelewa kidogo.

Kwa hivyo jaribu ile ya zamani kwanza. Ifunge uzi, ining'inize kwenye sufuria ya maji motoni (si ile ya chai, utafukuzwa), isiguse chini, utie na kipimajoto. Ikikataa kabisa kufunguka, imekufa. Lakini huku kwetu tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hivyo ya 88 inaweza kufunguka nusu tu na bado ni nzima.

Dukani beba ile kuukuu ulinganishe upana, kisha ufuate nambari ya kitabu cha gari. Ikiwa na kitundu cha kutoa hewa, kikae juu. Gasketi iwe mpya. Na usifungue rejeta ikiwa moto, tafadhali.

Yetu shida ilikuwa rejeta. Thamostati iliyotupwa, sitawahi kujua kama ilikuwa na kosa. Nilinunua nyingine, rejeta ikazibuliwa, na Jumapili nikampeleka cucu Chuka. Alilala njia nzima.