Pweza Hana Kosa, Fungua Mfuko wa Dawa

"Daktari, nishike supu ya pweza ama mkuyati?" Swali hili la kutafuta hamu ya mapenzi limenichosha hapa kwenye dirisha la dawa Changamwe, maana anayeuliza mara nyingi amekuja kuchukua dawa zake za mwezi, na jibu limo humo humo mfukoni.

Pweza anasifiwa kwa zinki, madini ambayo mwili huyahitaji kutengeneza testosteroni. Haya, tuhesabu. Gramu 100 za pweza aliyepikwa zina zinki miligramu 3 na kitu. Mwanamume anahitaji 11 kwa siku. Nyama ya ng'ombe kwa kawaida humpita, na sijaona mtu akinunua mishikaki kwa kunong'ona. Aliyepungukiwa zinki akiipata atafaidika. Asiyepungukiwa hata anywe sufuria nzima, hamu haiongezeki. Mnywe kwa utamu wake.

Ama mkuyati na mizizi mingine, unga wake wa "nguvu" usio na lebo ndio unaonikera. Katika nchi nyingi, mitishamba ya namna hii imepimwa ikakutwa imetiwa sildenafili, ile ya Viagra, kwa kipimo asichokijua muuzaji wala mlaji. Ndipo watu husema mizizi imejibu! Tena sildenafili kazi yake ni kulegeza mishipa ya damu. Jogoo atawika, lakini hamu haitoki humo. Na anayetumia naitreti kwa maumivu ya kifua akibugia unga huo, presha yaweza kuporomoka akafa.

Hamu huanzia ubongoni. Dopamini huichochea, serotonini ikizidi huipooza, prolaktini ikipanda huizima. Sasa fungua mfuko. Fluoksetini ya sonona hupandisha serotonini, ingawa sonona yenyewe huua hamu kabla ya kidonge. Haloperidoli na risperidoni huzuia dopamini na kupandisha prolaktini. Methildopa ya presha pia imo katika orodha hii. Heroini, na hata methadoni wanayopewa vijana Kisauni, hushusha testosteroni. Sindano ya uzazi wa mpango nayo huwapunguzia hamu baadhi ya wanawake, ambao hawaulizwi kabisa.

Usiache dawa kwa uamuzi wako. Rudi kwa aliyekuandikia, mwambie bila haya. Aweza kupunguza kipimo, kubadilisha dawa au kuongeza nyingine. Pima sukari, damu, tezi ya shingo na prolaktini. Testosteroni ipimwe asubuhi. Lala vya kutosha. Na ukija kwangu, njoo na dawa zote unazomeza, ukiwemo ule unga uliofungwa kwenye gazeti.