Mchezo Ndio Maneno ya Mtoto

Popote ulipo, iwe ni Maua, Nkubu, Runyenjes au Siakago, vuta kiti tuzungumze. Leo tunaangazia tiba ya mchezo.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka 6 amempoteza baba yake katika ajali ya bodaboda. Wakati wa matanga hakulia. Miezi miwili baadaye anakojoa kitandani na kuwapiga wenzake. Kila jioni huchukua kigari chake cha waya, akakisukuma, akakiangusha, kisha akakifunika kwa mchanga. Jirani anasema huo ni utundu, achapwe. Mama, huyo si mtundu. Anakueleza kinachomuumiza.

Mtu mzima mwenye huzuni hutafuta wa kuzungumza naye. Mtoto mdogo bado hana maneno ya kueleza hofu na majonzi, kwa hivyo huyaonyesha kwa mchezo.

Tiba ya mchezo ni nini?

Ni ushauri nasaha unaotumia mchezo. Mshauri aliyefunzwa humpa mtoto wanasesere, udongo, rangi na vigari, halafu humwacha achague. Virginia Axline, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1947 kwamba mtoto ndiye anayeongoza njia na mshauri hufuata. Mtoto anaporudia jambo lililomtisha akiwa mahali salama, polepole hofu hupungua.

Je, yawezekana kwa simu?

Ndiyo. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, washauri wengi duniani walianza kuwaona watoto kwa simu ya video. Njia hii humfaa pia mzazi anayeishi mbali na mjini, ambaye nauli humlemea. Muulize mshauri wako kama anaitoa. Akikubali, jitayarishe hivi:

- Tafuta chumba kitulivu, uegemeze simu mahali isipoanguka.
- Weka vitu vya kuchezea karibu: magunzi ya mahindi, vifuniko vya soda, udongo, karatasi na kalamu.
- Kaa karibu, lakini usimjibie mtoto wala kumsukuma aseme.
- Patana na mshauri mtafanya nini mtandao ukikatika.
- Usirekodi wala kusambaza picha za mtoto kwenye WhatsApp.

Kwa mtoto mdogo sana, kutulia mbele ya simu ni vigumu. Hapo mshauri humfundisha mzazi namna ya kucheza naye. Na ikiwa anayemtesa mtoto anaishi nyumba hiyo hiyo, simu si salama. Mpeleke mtoto kwa mshauri ana kwa ana.

Wewe nyumbani ufanye nini?

Tenga dakika 30 kila wiki kwa ajili ya mtoto huyo peke yake. Zima redio, hata yetu! Mwache achague mchezo. Sema tu unachokiona: “Naona gari limeanguka tena.” Usimuulize kwa nini, usimsahihishe, usimcheke. Akikutaka ucheze, cheza anavyokuelekeza. Wewe hugeuki kuwa daktari. Unampa mtoto mtu wa kumsikiliza. Shosho na baba pia wanaweza.

Wakati wa kutafuta msaada

Nenda kituo cha afya ikiwa mtoto ameacha kuongea, halali, hali vizuri, anajiumiza, au mabadiliko yamedumu kwa wiki kadhaa. Omba uelekezwe kwa mshauri.

Mchezo wake ukikufanya ushuku kwamba amenajisiwa, usimhoji kama polisi. Mwambie unamwamini na kwamba hana kosa. Usimwogeshe. Mpeleke hospitali mara moja, kwani dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze kabla ya saa 72 kupita. Hata kama muda huo umepita, mpeleke. Bado kuna matibabu. Nambari ya kuwasaidia watoto ni 116. Hulipi chochote, na hujibiwa usiku na mchana.

Mpenzi msikilizaji, jioni ya leo kabla hujamwambia mtoto aache kuchezea mchanga, simama kidogo umtazame. Huenda ana jambo la kukueleza.